Trekta dogo halivunji pori: kuchagua mashine na zana za shamba la Pwani

Mtu wa Dar es Salaam akinunua ekari kumi Mkuranga, Kisarawe au nyuma ya Mlandizi, mara nyingi huwa amenunua pori. Kwenye karatasi ya mauziano limeandikwa shamba. Ukifika pale unakuta vichaka vinavyomzidi mtu kimo, mikorosho iliyotelekezwa, miembe miwili mitatu, migunga, na visiki vya miti iliyokatwa na wachoma mkaa zamani ambavyo vimechipua upya, kila kimoja na mashina sita badala ya moja. Upupu umetambaa juu ya vyote. Mwenye shamba analipa vibarua wa mapanga, linakaa wazi miezi michache, masika inapita na pori linarudi kama vile hakuna aliyelipwa. Hapo ndipo wazo la trekta linapoingia. Anapita barabara ya Nyerere, anaona trekta dogo limepangwa mbele ya duka, anauliza bei, kisha anauliza lina farasi wangapi, yaani injini ina nguvu kiasi gani.

Muuzaji hatamsahihisha, maana farasi ni namba rahisi kutaja na namba kubwa huuzwa ghali. Ila kwa kazi ya miti na vichaka, farasi ni swali la tatu au la nne. La kwanza ni hili: trekta unalitaka lifungue pori, au litunze shamba ambalo limeshafunguliwa? Hizo ni kazi mbili, na kwa maoni yangu trekta dogo linaiweza ya pili tu. Wengi wanaolia kwamba wamenunua trekta bovu walinunua trekta zima kabisa, wakalipatia kazi isiyo yake.

Kwa nini kisiki kinaishinda injini

Trekta dogo tunaloliongelea hapa ni lile la farasi 20 hadi 50, la dizeli, lenye uzito wa kati ya kilo 700 na tani moja na nusu au zaidi kidogo, na mikono mitatu ya kubebea zana nyuma. Massey Ferguson 375, ambalo wengi wamezoea kuliona likilima mikoani, halimo kwenye kundi hili: lina farasi 75 na linapita tani mbili na nusu.

Injini ndiyo inayotoa farasi, lakini kinachovuta ni tairi, na tairi hushika ardhi kwa kadiri ya uzito unaolikandamiza. Kwenye kichanga, ambacho ndicho udongo wa sehemu kubwa ya Pwani, trekta linalovuta kwa magurudumu yote manne huweza kuvuta kama theluthi moja hadi nusu ya uzito wake, halafu matairi huanza kuchimba mashimo. Kwa trekta la kilo 1,300 hiyo ni kama kilo 450 hadi 650. Kisiki kibichi cha mwembe uliokomaa kimeshikwa ardhini kwa tani kadhaa. Ukiongeza farasi kumi hapo hujabadilisha kitu, umeongeza tu kasi ya matairi kujizika.

Na katika kujaribu huko watu hufa. Mnyororo ukifungwa juu ya ekseli ya nyuma, tuseme kwenye mkono wa juu wa kubebea zana, kisiki kikikataa trekta hujizungusha lenyewe kwenye ekseli yake: pua inanyanyuka, na kabla dereva hajawahi kukanyaga klachi limeshamlalia. Mnyororo hufungwa kwenye ulimi wa kukokotea peke yake, ule ulio chini ya ekseli. Trekta la kwenda porini liwe na nguzo ya kinga nyuma ya kiti, ya kiwandani, na mkanda ufungwe. Nguzo iliyochomelewa mtaani kwa bomba la maji haihesabiki. Haijapimwa, na bomba likipinda siku ya ajali limekuwa uzito mwingine juu ya dereva.

Visiki mpe kijiko

Kwa visiki vikubwa, kodi kijiko, yaani eskaveta. Eskaveta halivuti kisiki kwa mlalo. Linachimba pembeni, linakata mizizi, linaingiza meno chini na kuinua, likiwa na uzito wa tani nyingi wa kuegemea. Kazi ambayo trekta dogo lingepigana nayo siku nzima na kuvunja kitu, kijiko kinaimaliza kwa dakika. Hukodishwa kwa saa au kwa siku, na gharama inayouma ni lobedi (lori la kubebea mashine nzito) ya kukileta na kukirudisha. Kwa hiyo usikiite kwa visiki vitano. Hesabu vyote, weka alama ya rangi, ongea na jirani ambaye naye ana vyake, mgawane safari.

Lakini kuna uamuzi wa kufanya kabla hata kijiko hakijafika, kabla chensoo haijawashwa, na sijui kwa nini unasahaulika sana. Mti utakaong'olewa na kijiko usikatwe chini. Acha shina la urefu wa mita moja au moja na nusu. Mashine ikisukuma pale juu, shina lenyewe linakuwa wenzo na mizizi inafumuka. Vibarua wana desturi ya kukata usawa wa kifundo cha mguu kwa sababu inaonekana safi na inaongeza kuni, na matokeo yake kijiko kinabaki kuchimba shimo la ukubwa wa choo kutafuta kitu cha kushika. Saa za kukodi zinakwenda.

Mti ambao kisiki chake utakiacha kioze, huo ndio ukatwe chini kabisa, usawa wa ardhi, ili slasha, zana ya kufyekea inayobebwa na trekta, ipite juu yake bila kugonga. Kibaya ni kile cha katikati, kisiki cha sentimita ishirini kilichojificha kwenye majani. Ni kirefu mno kupitiwa na kifupi mno kung'olewa, na ndicho kinachotoboa tairi na kupasua sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Buldoza nalo lipo, na wengi hulipenda kwa kasi yake. Mimi silipendi kwenye kichanga. Tabaka la udongo mweusi wenye rutuba pale ni jembamba, pengine halizidi shubiri moja, na bamba la buldoza hulikomba pamoja na vichaka na kulilundika mpakani. Miaka miwili mitatu baadaye utaona magugu yamenawiri kwenye lile tuta la mpakani huku mahindi yako katikati yamenyauka rangi. Kama hakuna budi kulitumia, dereva aambiwe mapema anyanyue bamba na asukume miti, asikwangue ardhi.

Kuhusu wakati: mizizi hutoka kirahisi udongo ukiwa bado na unyevu, kwa hiyo Juni baada ya masika, au Januari baada ya vuli, ni miezi mizuri. Masika yenyewe hapana, lobedi haitafika.

Na kabla ya yote, pita kwa afisa misitu wa wilaya. Sheria ya Misitu ya 2002 inaweka masharti kwenye ukataji, na miti kama mpingo na mninga si ya kukatwa kiholela hata ikiwa imesimama kwenye ardhi uliyoinunua. Magogo na mkaa havisafirishwi bila kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Shamba likipakana na mto au ziwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Watu wa Kisarawe waongeze jambo moja: wajiridhishe kwamba mpaka wao haujaingia msitu wa Pugu na Kazimzumbwi au wa Ruvu Kusini, kwa sababu wapo waliouziwa kipande cha hifadhi na karatasi yenye muhuri juu.

Kijiko kimeondoka, sasa machipukizi

Hapa ndipo trekta dogo linapoanza kuhesabiwa haki. Miti ya pori letu haifi kwa kukatwa. Mzizi uliobaki ardhini huchipua, na mvua ya kwanza hutoa fimbo nyembamba mamia kwa mamia. Zikikatwa kila msimu zikiwa na unene wa kidole, mzizi huishiwa akiba yake na baada ya misimu kadhaa hufa. Zikiachwa miaka miwili umerudi kwenye pori. Ushindi uko kwenye kurudia, na kurudia kwa panga ni ghali.

Zana yake ni slasha ya trekta, ile sahani pana yenye visu viwili vinavyozungushwa na shafti ya nyuma ya trekta, ambayo mafundi huiita PTO. Ukiniuliza zana moja tu ya kununua pamoja na trekta, ni hii, na inafaa uitumie kupimia trekta lenyewe. Kila futi moja ya upana wa slasha hutaka kama farasi watano kwenye shafti. Slasha ya futi tano, yaani mita moja na nusu, inataka farasi 25 kwenye shafti, na kwa kuwa sehemu ya nguvu ya injini hupotea njiani, injini iwe ya farasi 30 au zaidi. Slasha isiwe nyembamba kuliko trekta lenyewe, la sivyo matairi yatalaza fimbo ambazo visu havitazifikia.

Angalia slasha kwa chini, siyo rangi ya juu. Visu viwe vinabembea kwenye bolti zake, ili vikigonga kisiki virudi nyuma badala ya kuvunjika. Katikati kuwe na dishi nene la chuma linalotelezesha slasha juu ya kisiki. Kwenye shafti kuwe na klachi ya msuguano inayoteleza ikizidiwa. Zile za bei nafuu zina bolti laini iliyowekwa ikatike badala ya gia, na hiyo inafaa pia, alimradi uwe na bolti za akiba mfukoni na dereva asiye na tabia ya kuweka bolti ngumu kwa hasira. Akiiweka ngumu, kitakachovunjika safari ijayo ni gia boksi. Mbele na nyuma kuwe na minyororo ya kuzuia vitu vinavyoruka. Jiwe au kipande cha mti hutoka chini ya slasha kama risasi na kuweza kufika mita mia moja, kwa hiyo watoto wa jirani wanaokuja kutazama trekta warudishwe nyumbani kwanza.

Unene wa kukata ndio swali la kumbana nalo muuzaji. Slasha nyepesi hukata fimbo ya sentimita mbili na nusu bila kulalamika, ya kati hufika tano, nzito hufika saba na nusu. Matrekta madogo hubeba nyepesi na za kati. Fimbo nene kuliko kifundo cha mkono ni kazi ya chensoo, hata kama trekta linaweza kuilaza. Fimbo iliyolazwa na kukatwa kwa mshazari hubaki na ncha ya mkuki, na tairi la nyuma ndilo linalofuata.

Zana nyingine nitazipitia upesi. Jembe la sahani linafaa ardhi yenye mizizi kwa sababu sahani huviringika juu ya kikwazo, wakati jembe la ubao hunasa na kupinda. Rotaveta, zana ya kutifua udongo kwa visu vinavyozunguka, isiguse shamba jipya mwaka wa kwanza, mizizi itajizungusha kwenye shafti yake hadi isimame. Jino moja la kuchimbua kina ni zana rahisi, ya bei ndogo, na ya msaada kuliko inavyoonekana: ukilipitisha kuzunguka kisiki cha wastani hukata mizizi ya pembeni, na kisiki kilichogoma juzi kinalegea. Reki ya chuma hukusanya matawi na mizizi na kuacha udongo mahali pake.

Kijiko cha mbele kinachofungwa kwenye trekta ni kizuri kwa kubeba magogo na kusukuma matawi kwenye lundo, hasa kikiwa na makucha ya kukamatia. Makucha hayo yanataka njia mbili za ziada za mafuta ya haidroliki mbele, na matrekta mengi madogo hayana, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Ukibeba mbele lazima uwe na uzito nyuma, ama slasha yenyewe, ama maji kwenye matairi ya nyuma. Kwa wenzetu wa nchi za baridi maji hayo lazima yachanganywe na dawa ili yasigande. Hapa kwetu maji ya kisima yanatosha. Vile vijiko vidogo vya kuchimbia vinavyobebwa na mikono mitatu ya nyuma siwapendekezei. Huchimba taratibu, na nguvu zake zinaishia kwenye mikono na ganda la gia, sehemu ambazo hazikutengenezwa kwa mzigo wa aina hiyo.

Trekta lenyewe

Magurudumu yote manne yavute, hilo halina mjadala kwenye kichanga chenye visiki. Mikono ya nyuma ipimwe kwa pini: matrekta madogo mengi ni daraja la kwanza, pini za chini za milimita 22, wakati zana nyingi zinazouzwa hapa zimetengenezwa kwa matrekta makubwa ya daraja la pili, pini za milimita 28. Mtu hununua slasha ya mtumba kwa bei ya kutupa akagundua nyumbani kwamba haiingii, na hata ikilazimishwa ni nzito kuliko trekta linavyoweza kunyanyua.

Shafti ya nyuma nayo ina jambo lake. Slasha ikishashika mwendo haisimami ghafla, visu vina uzito. Kwenye trekta ambalo shafti yake inapita kwenye gia boksi ya mwendo, ukikanyaga klachi usimame, slasha inaendelea kuzunguka na kulisukuma trekta mbele, pengine kwenye shimo lile ulilokuwa unalikwepa. Tiba yake ni klachi ya kuzunguka upande mmoja inayofungwa kwenye shafti, kifaa kidogo cha bei ya kawaida. Klachi ya hatua mbili, ambayo huachia mwendo kwanza na shafti baadaye, inakuruhusu kusimamisha trekta huku slasha ikiendelea kukata, na kwenye kichaka kizito hilo ni jambo kubwa.

Kisha kuna kulivalisha trekta. Fundi wa kuchomelea akuwekee bamba la chuma chini ya tumbo kulinda sampu, chujio na mabomba ya mafuta, lenye matundu ya kufungulia bolti za kumwagia oili. Rejeta ifunikwe kwa wavu unaotoka kwa mkono, kwa sababu mbegu za majani na vumbi la magome huiziba ndani ya saa moja na injini ikachemka. Kama kuna upupu, fyeka ukiwa mbichi, kabla maganda hayajakauka. Ukifyeka Agosti manyoya yake yanapaa na kumwangukia dereva, na hakuna mshahara utakaomrudisha kwenye kiti siku ya pili. Atembee kwanza kwa miguu shamba zima, akitafuta visiki, mashimo na nyuki.

Saa ngapi kwa mwaka?

Slasha ya mita moja na nusu ikienda kilomita tatu kwa saa hufyeka mita za mraba 4,500, zaidi kidogo ya ekari. Hiyo ni kwenye karatasi. Ukitoa kona, visiki vya kukwepa na kusafisha rejeta, unabaki na kama theluthi mbili ya ekari kwa saa. Ekari kumi ni saa 15. Ukifyeka mara tatu kwa mwaka ni saa 45, na kwa dizeli ya lita sita hivi kwa saa, ni lita 270.

Saa 45 ni chache mno kwa mashine inayoweza kufanya mia kadhaa kwa mwaka bila kuchoka. Mwenye ekari kumi na asiye na kazi nyingine ya trekta akodi, au aungane na majirani watatu wanne wenye mashamba ya pamoja, waandikishiane nani analipia nini kikivunjika. Mwenye ekari 40, au mwenye trela na kazi ya kubeba maji, nazi na korosho, hesabu yake inaanza kukaa vizuri.

Hapo ndipo wengi hugeukia mtumba wa Japani, matrekta ya Kubota, Yanmar na Iseki. Injini zake hudumu. Lakini mengi yalitengenezwa kwa mashamba ya mpunga ya kule: mepesi, membamba, hayana nguzo ya kinga, na maandishi kwenye vishikio ni ya Kijapani. Shafti ya nyuma mara nyingi ina kasi tatu au nne. Slasha hutaka mizunguko 540 kwa dakika, na dereva akiingiza kasi ya juu kwa kutojua kusoma, anaua gia boksi. Tafuta mtu akutafsirie, paka rangi nyekundu kwenye nafasi zisizotakiwa.

Usiamini mita ya saa. Angalia pedali zilivyolika, pini za mikono ya nyuma zilivyolegea, na weupe wa maziwa kwenye oili ya haidroliki, dalili kwamba maji yameingia. Fika asubuhi kabla injini haijapashwa moto, uiwashe mwenyewe. Nyanyua zana nzito, zima injini, uone kama inashuka haraka. Halafu andika namba za chujio la oili, la dizeli, la haidroliki, sahani ya klachi na feni belti, uzunguke Kariakoo na Gerezani kuzitafuta. Kama huzipati au unaambiwa kila kimoja kiagizwe, mwambie muuzaji apunguze bei au tafuta trekta lingine lenye spea, hata kama ni la farasi wachache zaidi.